Msalaba au Eksi? Tatizo la Istilahi katika Padi ya Mchezo

Katika miji ya Migori na Homa Bay, ambako Kijaluo, Kisuba, Kikuria na Kiingereza hukutana na Kiswahili, kijana anayemwelekeza mwenziwe kubonyeza kitufe cha PlayStation anahitaji jina litakaloeleweka na wote. Maumbo ya vitufe vinne hivyo hayajabadilika tangu 1994. 'Pembetatu', 'duara' na 'mraba' ni istilahi za darasani, hazina utata. Utata umo katika cha nne.

Yupo atakayependelea kuita kwa kazi: 'cha pasi', 'cha shuti'. Hoja hiyo haisimami. Katika mpangilio wa kawaida wa FIFA shuti lilipigwa kwa duara. Katika Pro Evolution Soccer, kwa mraba. Kazi hubadilika, umbo hubaki.

'Kosa', alama ya mwalimu daftarini, linapotosha pia. Nchini Japani kitufe hiki kilimaanisha kukataa hadi PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020. Kwingineko kimezoeleka kuwa cha kukubali.

Limebaki 'msalaba'. Mwaka 2019 tawi la PlayStation la Uingereza lilisisitiza jina la Kiingereza lenye maana hiyo. Lakini msalaba wa Waswahili husimama wima; huu umekaa mshazari. Anayependekeza 'msalaba' ametazama kamusi ya Kiingereza, hakutazama kitufe.

Tunashauri 'eksi'. Ni kweli kwamba ni herufi miongoni mwa maumbo. Hata hivyo, kasoro hiyo ya ulinganifu ni ndogo kuliko ile ya istilahi isiyofanana na kitu chake.