Simba Bila Picha: Albamu Iliyoishinda Filamu Yake

Filamu ya The Lion King ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Jon Favreau, ina kasoro isiyotibika: wanyama wake ni wanyama mno. Simba wa porini hanyanyui nyusi wala hatabasamu, na mdomo wake haukuumbwa kuimba. Mafundi wa kompyuta walipoushika uhalisia huo bila kulegeza, waimbaji wakabaki hawana nyuso. Sauti inapaa, sura imeganda. Zima kioo, uache sauti peke yake, na utakuta kazi nyingine kabisa. Kwangu mimi albamu ya filamu hii ni bora kuliko filamu yenyewe, na sababu zake ni za kiufundi.

Hapa Jadida, Wete, kisiwani Pemba, kuna jaribio zuri la albamu ya namna hii. Msimu wa karafuu, jioni, watu wamekaa jamvini wanachambua: karafuu huku, makonyo kule, na simu imeunganishwa na spika ndogo pembeni. Macho yana kazi yake. Hakuna anayejua mnyama gani yuko wapi kwenye hadithi. Wimbo usiojitosheleza hapo haudumu, mtoto anaambiwa auruke. “Circle of Life” hauruki mtu.

Wimbo huo ulitungwa na Elton John, maneno yakiwa ya Tim Rice, kwa ajili ya filamu ya kwanza ya mwaka 1994. Aliyeugeuza kuwa mlango wa hadithi ni Hans Zimmer, Mjerumani, pamoja na Lebo M wa Afrika Kusini, mtu aliyeishi uhamishoni miaka mingi na aliyekwisha kufanya naye kazi katika The Power of One ya mwaka 1992. Sikiliza mpangilio wake. Inaanza sauti moja ya kiume, kavu, haina ala hata moja chini yake. Kwaya inaitika. Ngoma zinaingia kwa chini, karibu hazisikiki, ndipo mwanamke anaanza kusimulia. Katika albamu ya 2019 ni Lindiwe Mkhize. Kila kiitikio kinaporudi kimeongezewa kitu, na mwisho wa yote ni pigo moja la ngoma, kisha kimya. Yule anayeita amewekwa karibu na sikio, kwaya imewekwa mbali na kupewa mwangwi, na umbali uliopo kati yao ndio mbuga. Upana ambao kamera inauonyesha kwa macho, hapa umejengwa kwa sauti tupu. Sikio la Kipemba halihitaji kufundishwa kusubiri jibu la kwaya, maana limekulia kwenye kasida, mmoja anatoa na wengine wanapokea.

Hata hivyo ufundi ninaouhusudu zaidi umo katika “Hakuna Matata”, wimbo ambao wengi wanauchukulia kama mzaha wa watoto. Unaanza na Simba, mhusika mkuu, akiwa mtoto na unamalizika akiwa mtu mzima, ndani ya dakika chache. Katika rekodi ya 2019 JD McCrary anaimba utotoni, halafu Donald Glover anapokea pale pale, mdundo ukiendelea bila kusimama. Waimbaji wawili wanaowakilisha rafiki zake Timon na Pumbaa, Billy Eichner na Seth Rogen, hawabadiliki hata kidogo. Ndiyo maana badiliko la Simba linasikika: vitu vyote vimetulia mahali pake isipokuwa koo moja. Miaka imepita na msikilizaji hakuambiwa na mtu.

Mwaka 1994 jambo hilo lilifanywa kwa sauti za kuazima. Jonathan Taylor Thomas alisema maneno ya Simba mdogo, Jason Weaver akaimba. Matthew Broderick alisema ya Simba mkubwa, Joseph Williams akaimba. Wazee wetu waliokulia na filamu za Kihindi wanalijua hilo vizuri. Katika Awaara ya mwaka 1951 Raj Kapoor alifungua mdomo na sauti ikawa ya Mukesh, na hakuna aliyejiona amedanganywa. Wimbo ulirekodiwa kwanza studio kwa utulivu, picha ikaja kuufuata, na kwa hiyo ukaweza kutoka sinema ukaenda nyumbani kwa miguu yake.

Toleo la 2019 liliiacha njia hiyo. Wakubwa wanaimba wenyewe, na Nala, mwenza wa Simba, ni Beyoncé. Katika “Can You Feel the Love Tonight” anaizungusha sauti na kuipamba mpaka Nala anapotea, anabaki Beyoncé. Uzuri upo, siukatai, ila Sally Dworsky aliyeimba Nala mwaka 1994 aliutumikia wimbo zaidi. “Be Prepared” ya Chiwetel Ejiofor ni fupi na nusu yake ni usemi, na pale naikumbuka ya Jeremy Irons ya mwaka 1994.

Mpangilio wa albamu nao umebadilika. Ya 1994 ilikuwa na vipande 12: nyimbo tano za filamu, vinne vya Zimmer bila waimbaji wakuu, kisha tatu za Elton John mwenyewe. Ilikuwa rahisi kusikiliza upande mmoja ukaacha mwingine. Ya 2019 imechanganya nyimbo na muziki wa matukio kwa kufuata hadithi, kwa hiyo isikilizwe kwa mfuatano wake. Na utumie vipokea sauti vya masikioni japo mara moja, kwani spika ya simu inaimeza besi ya kwaya, na besi hiyo ndiyo nguzo ya kazi nzima.

Kati ya vipande vya mwisho kuna “Mbube”, utunzi wa Solomon Linda aliourekodi Johannesburg mwaka 1939. Alifariki mwaka 1962 akiwa fukara, na warithi wake walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2004 dhidi ya Disney, kampuni ya filamu hizi, ndipo mapatano yakapatikana mwaka 2006. Nikiisikia albamu ikimrudia, nafurahi na nauma meno.

Maana nasi pwani tumeguswa. Kiswahili kimetoa majina ya wahusika, na wito unaofungua “Spirit” ya Beyoncé ni wa Kiswahili. Lakini koo za kwaya na namna ya kuipanga vinatoka kusini mwa Afrika. Katika The Gift, albamu ya pili ya filamu hii, iliyoandaliwa na Beyoncé na kutoka mwaka huo huo, walialikwa wasanii wa Nigeria, Ghana na Afrika Kusini. Wa Afrika Mashariki hakualikwa, na Wakenya walilalamika waziwazi. Walikuwa na haki. Na si kwamba hatuna watu: mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N’Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, na mhusika Mwajuma akaigizwa na Siti Amina, mwimbaji na mpiga udi wa Siti and the Band. Mwimbaji tunaye, udi tunao, hadithi zimejaa. Mtu aingie studio na kwaya ya kasida kutoka Wete, aiweke nyuma na mwangwi wake, mwimbaji mmoja mbele, na arekodi wimbo kabla kamera haijawashwa.