Mapenzi ya Pengwini, Njaa ya Mdiria

Filamu ya Luc Jacquet kuhusu pengwini wakubwa wa Antaktika, iliyotoka Ufaransa mwaka 2005 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2006, husifiwa kwa kutufundisha mapenzi. Mimi naisifu kwa jambo jingine, na hilo la mapenzi ndilo ninalolikosoa.

Uzuri wake ni subira. Dume huatamia yai moja juu ya miguu yake kwa miezi miwili, gizani, katika upepo wa barafu, bila kula, hata apoteze karibu nusu ya uzito wake. Jike amekwenda baharini kutafuta chakula. Kamera inangoja pamoja nao, nasi tunangoja. Abiria wa meli za kitalii ziendazo huko kusini hawayaoni haya, kwa kuwa wao hufika kiangazi, na pengwini hawa hutaga wakati baridi inapoanza kukaza.

Kasoro imo katika maneno. Katika filamu ya Kifaransa waigizaji husema kwa niaba ya ndege, kana kwamba tunasikiliza mume, mke na mtoto. Lakini kinachowatembeza viumbe hawa ni tumbo na barafu: barafu imara ya kulelea vifaranga, na bahari yenye chakula. Mwaka 2022 barafu ilivunjika mapema katika Bahari ya Bellingshausen, na makundi manne kati ya matano yaelekea yalipoteza vifaranga vyote. Mapenzi hayakuwaokoa.

Naandika nikiwa Mkuyuni, ambako mtazamaji wa ndege hahitaji meli, mtumbwi unatosha. Nasi tunaye ndege wetu mweusi kwa mweupe: mdiria, anayesimama hewani akipiga mabawa, kisha akajitosa majini kama jiwe. Zamani katika Ghuba ya Mwanza chakula chake kikuu kilikuwa furu. Sangara walipozidi katika miaka ya 1980, furu wakapungua mno, na watafiti wakamkuta mdiria amehamia kwenye dagaa. Dagaa ni mwepesi kuliko furu, hivyo ilimbidi mdiria avue samaki wengi zaidi kwa siku ili ashibe.

Hiyo nayo ni habari ya wazazi na makinda. Lakini ukiisimulia kama mapenzi utamficha sangara, na ukimficha sangara umemficha binadamu aliyempandikiza ziwani.

Kwangu mimi, filamu ya ndege ni njema ikimfanya mtu aulize: huyu anakula nini, na nani amekigusa chakula chake? Jacquet alipata picha zinazoweza kulibeba swali hilo, kisha akazifunika kwa sauti. Mwalimu atakayeionyesha darasani na apunguze sauti, awaache watoto waulize wenyewe. Kesho yake awapeleke mwaloni wakamtazame mdiria akivua.