Tone Moja Nyuma ya Sikio

Asubuhi ya Tarime ina baridi ya milimani, na kwenye baridi hiyo mafuta ya udi hayana haraka. Paka tone moja nyuma ya sikio na jingine kwenye kifundo cha mkono: yatasubiri joto la mwili, kisha yatafunguka kidogo kidogo mpaka jioni. Hayana spiriti, ndiyo maana hayaruki upesi kama manukato ya kupuliza.

Nawapongeza wauza mafuta wa Unguja na Mombasa, na wanaoyafikisha huku bara. Muuzaji hodari hakuharakishi. Anakupaka kwanza, anakwambia uzunguke sokoni, urudi baadaye ndipo mzungumze bei. Anajua udi hubadilika juu ya ngozi. Mwanzoni huweza kunuka zizi, harufu ambayo mfugaji wa Kikurya hataishangaa; kisha huja utamu.

Udi huzaliwa na jeraha: mti wa Aquilaria wa Asia ukishambuliwa na kuvu hujikinga kwa utomvu mzito, na humo ndimo harufu ilimo. Sandali ni pole zaidi. Akina mama wa pwani huisaga juu ya jiwe ikawa liwa ya kupaka usoni.

Nasi tuna msandali wetu, Osyris lanceolata. Wavunaji huung'oa na mizizi yake, kwa kuwa mafuta yamejaa humo. Tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Basi ndugu msomaji, kabla hujalipia kichupa, uliza mti umetoka wapi. Muuzaji mwaminifu atakujibu.