Tanakuzi ya Molo

Jumapili ya tarehe 2 Julai 2023, akiwa ibadani Molo, Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku ya ukataji miti. Alijenga hoja yake kwa tanakuzi: miti iliyokomaa inaoza msituni, huku wananchi wakiteseka kwa kukosa mbao. Imesukwa vizuri, na nguvu yake inatokana na ukweli. Elburgon na Molo ni miji iliyolelewa na mbao. Marufuku ilipokuja viwanda vilinyamaza na vijana wakakosa vibarua. Waliomsikiliza siku hiyo walisikia shida yao wenyewe ikitajwa.

Lakini tanakuzi ina pande mbili tu. Mti ukishakaa huku na riziki ikakaa kule, maji hukosa nafasi. Msitu wa Mau ndio unaolisha Mto Njoro, uingiao Ziwa Nakuru, na Mto Molo, ushukao hadi Baringo. Umbo hilo pia halibebi hekta, wala umri wa miti, wala tofauti kati ya saiprasi iliyopandwa ivunwe na msitu wa asili. Ufafanuzi kwamba ni miti ya kupandwa tu ulikuja baadaye, kama tanbihi, ilhali kwa mtaalamu wa misitu hilo ndilo jambo la kwanza. Mazingira ya tamko nayo yana uzito: ibadani msemaji hakatizwi kwa maswali.

Tamko hilo la Molo lisome sambamba na lile la Februari 2018. Ruto huyo huyo, wakati huo Naibu wa Rais, alitangaza marufuku ya siku 90, na jopo likaundwa kuchunguza usimamizi wa misitu. Hapo kuna muda, kuna swali, kuna watu wa kulijibu. Utafiti umetengewa kiti. Bahati mbaya kiti kilibaki na jina tu: jopo lilimaliza kazi mwaka huo huo, lakini siku 90 zikarefushwa hadi zikawa miaka 5. Nalaumu urefushaji huo kuliko hotuba ya Molo, kwa maana ndio ulioipa hotuba hiyo ardhi ya kusimamia.

Agosti 2023, kwa ombi la Chama cha Mawakili, mahakama ililisimamisha kwa muda agizo la Rais. Serikali itakaporudi tena Molo na tamko kuhusu Mau, itangulize orodha ya mashamba ya miti, umri wake na mito iliyo karibu, ibandikwe sokoni Elburgon watu waisome kabla ya hotuba.