Ibirayi: Kiswahili Kilichoharibika?

Katika orodha za msamiati zinazotumika madarasani hapa Kigali, neno la Kinyarwanda ibirayi mara nyingi hufasiriwa kwa neno moja tu: viazi. Aidha, wapo walimu wanaodai kuwa ibirayi ni "Kiswahili kilichoharibika". Madai yote mawili yana kasoro.

Tuanze na asili. Zao lenyewe lilitoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Waingereza walilipa jina la Ireland. Waswahili wakasema viazi vya Ulaya. Neno Ulaya nalo lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno wilaya tunalolitumia katika utawala. Kinyarwanda kilipolipokea, l ikawa r, na u- ya mwanzo ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli: Uburayi. Mzizi uliobaki ni -rayi. Ukiupachika iki- na ibi-, ngeli inayolingana na KI-VI, unapata ikirayi, ibirayi.

Je, huko ni kuharibu? Kiswahili kilifanya vivyo hivyo kwa neno la Kiarabu kitab. Silabi ki, ambayo ni sehemu ya mzizi, ilifanywa kiambishi, tukapata kitabu na vitabu. Hakuna mwalimu anayesema vitabu ni Kiarabu kilichoharibika. Basi tusikinyime Kinyarwanda haki hiyo hiyo ya utohozi.

Pili, tafsiri. Ibijumba pia ni viazi: viazi vitamu. Mwanafunzi wetu akiomba viazi sokoni Tanzania, anaweza kuulizwa, "Vitamu au mviringo?" Swali hilo lina sarufi ndani yake. Tamu ni kivumishi, hivyo huchukua vi-. Mviringo ni nomino, haibadiliki. *Viazi vimviringo ni kosa. Katika viazi vya Ulaya, a-unganifu hufuata viazi, si Ulaya. Mbatata, neno lililotoka Kireno, likisimama peke yake huingia ngeli ya I-ZI: mbatata hizi, lakini tunasema viazi mbatata hivi.

Tunapendekeza orodha zetu ziandike: ibirayi, viazi vya Ulaya, viazi mviringo au mbatata, ibijumba, viazi vitamu. Mwalimu aonyeshe pia mzizi -rayi ubaoni, kwani mwanafunzi Mnyarwanda anaijua tayari ngeli ya iki-/ibi- na ataielewa KI-VI kwa urahisi zaidi akianzia hapo.