MAPUMZIKO YA MFANYAKAZI NA BIASHARA YA FOLENI

Wapo makada wanaodhani kuwa mapumziko si suala la itikadi. Kwao itikadi inahusu uzalishaji peke yake: shamba, kiwanda, ushirika na bei ya kahawa. Mtu akishatoka kazini, wanasema, hayo ni mambo yake binafsi. Fikra hiyo ni potofu na inafaa kusahihishwa. Saa ya kupumzika ilipiganiwa. Wafanyakazi wa Ufaransa walipata likizo ya wiki mbili yenye malipo mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa iliyosimamisha viwanda nchi nzima. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Mkulima wa Kyerwa au Karagwe hana sheria ya namna hiyo. Likizo yake hupangwa na mvua na msimu. Kwa hiyo anayeuliza mapumziko yanatumikaje, na nani anavuna kutokana nayo, anauliza swali la siasa.

Katika makala hii tutachambua aina moja ya mapumziko ambayo vijana wetu huiona kila siku katika simu zao na kuambiwa kuwa hicho ndicho kilele cha starehe duniani: bustani kubwa za burudani za nchi za kibepari. Familia nyingi zinazokwenda huko sasa hurudi zikinung'unika kuwa bei ni kubwa, watu wamejaa, na siku nzima imeishia katika foleni. Tunataka kujua manung'uniko hayo yanatokana na nini, na yanatufundisha nini sisi tulio katika mkoa wa Kagera, ambako utalii ndio kwanza unajengwa.

Kiwanda cha furaha

Bustani iliyoweka mfano ni Disneyland, iliyofunguliwa Anaheim, jimbo la California, tarehe 17 Julai 1955. Tangu siku ile ya kwanza palikuwa na msongamano; watu waliingia kwa maelfu zaidi ya waliotarajiwa, wengine wakiwa na tiketi za kughushi. Tarehe 1 Oktoba 1971 kampuni hiyo hiyo ilifungua bustani kubwa zaidi, Magic Kingdom, katika jimbo la Florida. Ndani yake mna majumba ya hadithi za watoto, magari ya reli yanayopanda na kuporomoka kwa kasi, na maandamano ya watu waliovaa mavazi ya wanyama wa katuni. Bustani hiyo moja hupokea watu wapatao milioni 17 kwa mwaka. Tanzania nzima, pamoja na Zanzibar, ilipokea wageni wa nje zaidi kidogo ya milioni 2 mwaka 2024.

Tuangalie bei kwa kipimo cha mfanyakazi, yaani kwa saa za kazi. Mwaka 1971 kiingilio cha mtu mzima pale Florida kilikuwa dola 3.50, na kima cha chini cha mshahara wa Marekani kilikuwa dola 1.60 kwa saa. Mfanyakazi wa chini kabisa alilipia mlango kwa kazi ya saa mbili na dakika chache. Ni kweli kwamba wakati huo tiketi za michezo ya ndani zilinunuliwa mbali, lakini hata ukizijumlisha, saa hizo hazifiki tano. Wakati wa Krismasi ya mwaka 2025 tiketi ya siku moja ya bustani hiyo hiyo ilifika dola 199. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25, nacho hakijapanda tangu mwaka 2009. Hesabu inatoka saa 27 na zaidi: siku tatu na nusu za kazi ili mtu mmoja aingie siku moja. Bado hajalipa nauli, hoteli wala chakula, na bado hajamwingiza mke, mume wala mtoto.

Jambo la pili, nalo lina uzito zaidi, ni foleni. Mwaka 1999 kampuni ilianzisha utaratibu wa kumpa mgeni saa maalumu ya kurudi kwenye mchezo autakao, ili asisimame muda mrefu juani. Utaratibu huo ulikuwa bure kwa wote. Ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19, na haukurudi tena ulivyokuwa. Mwezi Oktoba 1971 pesa zilikuwa zinamngoja mgeni mlangoni. Mwezi Oktoba 2021 zikaanza kumngoja ndani ya foleni, kwani kuipita sasa kulihitaji malipo ya ziada. Mwezi Oktoba 2024 ikaletwa kadi ya daraja la juu zaidi, ambayo katika siku za msongamano mkubwa ilifika dola 449 kwa mtu mmoja, juu ya kiingilio.

Hapa pana mgongano unaostahili kufikiriwa. Msongamano unaiharibu bidhaa, maana anayesimama saa moja na nusu kwa mchezo wa dakika tatu amepata kidogo kuliko alichoahidiwa. Kwa kawaida tungetazamia mwenye mali apunguze idadi ya watu au aongeze michezo. Lakini pindi anapoweza kuuza njia ya kuukwepa msongamano, msongamano wenyewe unakuwa chanzo cha mapato. Foleni ikiwa fupi, nani atanunua kadi ya kuipita? Hivyo foleni imegeuzwa bidhaa. Wanaosimama ndani yake wanafanya kazi wasiyolipwa: kusubiri kwao ndiko kunakoipa thamani kadi ya yule anayepita pembeni. Mtoto wa mfanyakazi, aliyekuja kuota hadithi za wafalme, anajifunza pale pale kuwa yupo mwenye haki ya kutangulia na yupo wa kungoja.

Maelezo matatu yasiyotosha

Maelezo ya kwanza husema kwamba tatizo ni uchoyo wa wakurugenzi fulani. Uchoyo upo, lakini mkurugenzi akiondolewa anakuja mwingine, na wenye hisa wanadai gawio lile lile. Kinachoendesha mambo ni mfumo unaopima mapumziko kwa faida ya robo mwaka.

Maelezo ya pili husema kwamba watu wamezidi, na kwamba makabwela wangebaki nyumbani kungekuwa na nafasi. Hayo ni mawazo ya mabwana. Walioijaza bustani ile ni walipaji wale wale walioijenga kwa fedha zao tangu mwaka 1955, na sasa wanalaumiwa kwa kuwepo.

Maelezo ya tatu ni ya kwetu, na kwa hiyo yanahitaji ukali zaidi. Kuna kada ambaye akisikia habari hizi hucheka na kusema: "Waache waumie, starehe ni anasa ya kibepari." Kada huyo amekosea mara mbili. Mfanyakazi wa Ohio au Georgia aliyeweka akiba miaka miwili ili watoto wake wacheke siku tatu hana ujinga wowote. Ametafuta kitu cha haki mahali pekee alipoonyeshwa. Tena, itikadi inayodharau furaha ya watu haiwezi kuwaongoza watu. Anayesema starehe ni ya mabepari amewaachia mabepari starehe yote.

Hali ya nyumbani

Mjadala wa utalii kwetu una historia. Mwaka 1970 wanafunzi wa Umoja wa Vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuanzisha katika gazeti la The Standard. Waliuliza kama nchi iliyotangaza Azimio la Arusha inaweza kuitegemea hoteli ya mgeni bila kuzaa tabia ya utumwa. Mjadala huo ulikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji na kuchapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Swali lao la fedha za kigeni na utegemezi bado lina maana. Lakini mjadala ule ulimtazama zaidi Mtanzania kama mtumishi wa mgeni. Haukuuliza vya kutosha Mtanzania mwenyewe atapumzika wapi.

Leo mlangoni pa Serengeti mgeni kutoka nje hutozwa dola 70 kabla ya kodi katika msimu wa wageni wengi, naye raia mtu mzima takriban Sh. 10,000. Tofauti hiyo ni sera sahihi na inafaa kutetewa. Hata hivyo mlango nafuu haujawa safari nafuu. Hifadhini huingii kwa miguu. Unahitaji gari linalofaa, dereva, mafuta, mahali pa kulala na chakula. Na kwa mtu wa kata ya Kibingo, Serengeti ni safari ndefu ya kuvuka mikoa kabla hata hajaufikia mlango. Mwalimu wa shule ya msingi au mwanachama wa ushirika wa kahawa anaweza kulipa kiingilio asiweze kulipa njia. Tunapojisifu kwa bei ya mlangoni bila kuhesabu njia, tunajidanganya kwa takwimu.

Na msongamano nao tumekwisha kuuonja. Mwezi Julai 2025 dunia iliona picha kutoka eneo la Kogatende, Mto Mara: magari yamepangana ukingoni, watalii wameshuka na kusimama njiani mwa nyumbu, na nyumbu wanasita kuvuka. Yule nyumbu ndiye aliyewaleta watu wote pale, naye akazibiwa njia na watu hao hao. Mgongano ni ule ule wa Florida: wingi wa wanaolipa unaanza kula kile wanachokilipia. Tofauti ni kwamba gari la reli likichakaa hutengenezwa jingine, ila njia ya nyumbu haina kiwanda cha kuitengeneza.

Suala la Karagwe na Kyerwa

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika Orugundu yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ni hifadhi ndogo. Ya kwanza ina takriban kilomita za mraba 300, ya pili karibu 250. Zaidi ya hizo tunayo maji ya moto ya Mutagata, ambako watu wamekuwa wakienda kuoga na kutafuta nafuu tangu enzi za wazee, na ambako Stanley alipita mwaka 1876. Tunayo Bweranyange, yalipokuwa makao ya Mukama Rumanyika, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Mali hiyo haijachakazwa na biashara, na sasa ndio wakati wa kuamua iendeshwe namna gani.

Hatari iliyopo ni kupima mafanikio kwa idadi ya vichwa na makusanyo ya mwaka tu. Kipimo hicho kikitawala, maji ya Mutagata yatazungushiwa ukuta, mwenye fedha atapewa kisima chake, na bibi wa kijiji jirani aliyezoea kuja na ndoo atapangiwa siku. Hapo tutakuwa tumejenga Florida yetu, bila hata magari ya reli.

Tusije pia tukaupamba ukale. Watasema baadhi kwamba Wanyambo wana mapumziko yao: mavuno ya kahawa yakiisha kuna harusi, kuna rubisi, kuna mpiga enanga na masimulizi ya mashujaa hadi usiku wa manane. Ni kweli, na ni urithi mzuri. Lakini tazama jikoni. Mwanamke aliyechuma kahawa msimu mzima ndiye anayemenya ndizi za sherehe, anayechota maji na anayeosha vyombo kesho yake. Mapumziko ya mwanamume yamelipiwa na kazi yake. Sherehe yetu nayo ina watu wake wa kutangulia na watu wake wa kungoja, na hatuwezi kuikemea foleni ya California huku tukiinyamazia ya nyumbani.

Wajibu wetu

Kutokana na uchambuzi huu yanajitokeza majukumu manne. Kwanza, vyama vya ushirika, shule na matawi ya vyama vya wafanyakazi vipange safari za pamoja kwa basi moja, katika miezi ambayo mkulima ana nafasi, ili gharama ya njia igawanywe. Hapo ndipo kiingilio nafuu kitakuwa na maana. Pili, halmashauri za Karagwe na Kyerwa zidai idadi ya magari iwekewe kikomo sasa, kabla msongamano haujazaa watu wenye maslahi ya kuutetea. Tatu, mahali ambapo wananchi wamekuwa wakipatumia bila malipo, kama Mutagata, haki hiyo iandikwe katika mpango wowote wa uwekezaji, isiachwe kwa huruma ya mwekezaji. Nne, kila sherehe na kila safari ya tawi ianze kwa kuuliza nani atapika, na zamu ipangwe kwa wanaume na wanawake.

Kada anayepeleka takwimu za utalii katika kikao atajitahidi kuongeza safu moja katika jedwali lake. Baada ya safu ya wageni na safu ya mapato, aandike ni wangapi kati ya wakazi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wamewahi kuingia ndani yake kwa mapumziko. Kama safu hiyo ni tupu, kikao kisifungwe kabla ya kuijadili.

Mkufunzi wa Elimu ya Siasa,
Kibingo, Kyerwa