Kerneli 6.12 na subira ya miaka 20

Anayepandisha kompyuta yake ya Linux hadi kerneli mpya (kiini cha mfumo endeshi), mambo yakienda sawa, haoni kitu. Mashine inazimika, inawaka, kazi za jana zipo palepale, printa inachapa, intaneti inashika. Akitaka ushahidi itambidi afungue teminali, aandike uname -r na kusoma namba. Huko kutoonekana ndiko ninakokustaajabia.

Chukua toleo la 6.12, lililotoka Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024. Kama matoleo mengine, lilianza kwa wiki mbili za mlango wazi, ambapo wasimamizi wa sehemu mbalimbali (mtandao, sauti, mafaili, kumbukumbu) humletea Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, kazi waliyokwisha kuichuja. Kisha mlango hufungwa. Kuanzia hapo ni kurekebisha tu: karibu kila Jumapili hutoka toleo la majaribio, na kwa kawaida likishatoka la 7 ndipo toleo rasmi hufuata. Aliyechelewa husubiri zamu ijayo, ambayo haiko mbali zaidi ya wiki 10 hivi, kwa hiyo hana sababu ya kulazimisha kazi mbichi ipite. Ni ratiba ya watu waliokwisha kuumwa na haraka.

Ila ndani ya 6.12 kulikuwa na mgeni aliyesubiri zamu nyingi mno. Jina lake ni PREEMPT_RT. Kerneli ya kawaida hujitahidi kazi zote kwa jumla ziende upesi. Haiahidi kwamba kazi moja ya dharura itahudumiwa ndani ya muda uliopangwa. Kwa anayesoma barua pepe si neno. Kwa mkono wa roboti kiwandani, kuchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde ni chuma kuharibika. Mnamo 2004 Ingo Molnár, Thomas Gleixner na wenzao wakaanza kutengeneza kerneli inayoweza kukatizwa karibu popote ilipo. Hilo lilidai sehemu kubwa ya kufuli za ndani (zinazozuia kazi mbili zisishike kitu kimoja kwa pamoja) zibadilishwe tabia, ili anayeisubiri kufuli alale badala ya kuzungukazunguka akila muda wa prosesa, na hata aliyeishika aweze kusimamishwa ili mwenye dharura apite.

Ilikuwa kubadili mkuku wa jahazi lililo safarini na abiria wake. Hawakudai lisimame. Waliweka mabadiliko yao pembeni, wakayahuisha kila kerneli mpya ilipotoka, na kila kipande kilichoiva wakakipeleka kwenye kerneli kuu kikiwa na faida yake kwa watu wote. Lockdep, inayonusa kufuli zitakazokuja kukwamana kabla hazijakwamana, iliingia 2006. Ftrace, inayofuatilia kerneli inafanya nini na kwa muda gani, ikaingia 2008. Wengi wanaozitumia leo hawana haja na roboti yoyote.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa kitu ambacho mtu wa nje angekidharau: printk, yaani njia ambayo kerneli huandikia ujumbe wake. Ugumu ni kwamba printk inaweza kuitwa kutoka mahali popote, hata kerneli inapokata roho, na maneno hayo ya mwisho lazima yafike, maana ndiyo yatakayomweleza fundi kilichoiua. Wakati huohuo konsoli inaweza kuwa ya polepole kupindukia, na zamani aliyetoa ujumbe alilazimika kungoja uishe kuandikwa. John Ogness na wenzake walitumia miaka kadhaa kuijenga upya. Sasa ujumbe huwekwa kwanza kwenye hifadhi isiyohitaji kufuli, uandishi ukaachiwa uzi (thread) wake wenyewe, na penye hatari anayekufa anaruhusiwa kuipokonya konsoli.

Septemba 2024, huko Vienna, Gleixner alimkabidhi Torvalds ombi la kuingiza kazi hiyo likiwa limechapwa na kufungwa kwa karatasi ya dhahabu. Ndani yake hamkuwa na makubwa: mistari michache ya kuruhusu chaguo hilo kuwashwa kwenye prosesa za x86, arm64 na riscv. Mengine karibu yote yalishaingia kimyakimya.

Kwenye laptopu ya kawaida chaguo hilo liache lilivyo, limezimwa. Uhakika wa muda hulipiwa kwa kasi ya jumla. Utakachofaidi ni kanuni ya zamani kuliko PREEMPT_RT: programu iliyofanya kazi jana isikwamishwe na kerneli ya leo. Ikikwama, lawama ni ya kerneli, hata kama programu yenyewe iliandikwa ovyo. Torvalds amewahi kuwafokea watu kwa jambo hili kwa maneno yasiyochapika. Mwaka 2018 aliomba radhi kwa ukali wake, kanuni hakuilegeza. Ahadi hiyo, hata hivyo, haizihusu draiva zinazotunzwa nje ya kerneli. Mwenye kadi ya picha inayotegemea draiva ya namna hiyo na aulize kwanza.

Kwa kawaida kerneli mpya hukaa kando ya ile ya zamani; haiifuti. Ikigoma, unawasha mashine tena na kuichagua ya zamani kwenye menyu ya kuwashia, GRUB. Pamoja na hayo, ushauri wangu ni kutoikimbilia namba iliyotoka leo. Greg Kroah-Hartman, msimamizi wa matoleo thabiti, na wenzake hutoa masahihisho kila mara, na 6.12.1 ilifika kabla wiki haijaisha. Wakati huo Torvalds alikuwa ameshafungua mlango wa 6.13.